Sheria Niliyoijua

Watu wa benchi letu hawajui kwamba nilijua. Mmoja tu ndiye anayejua, naye ameamua kunyamaza, na ukimya wake unanitesa kuliko kama angesimama akanitukana mbele ya watu. Nimejaribu kusema mara mbili nikashindwa. Ninaandika kwa sababu kwenye karatasi hakuna anayenitazama usoni.

Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi juu ya mawe mawili, nje ya kibanda umiza kilicho kando ya barabara ya kwenda Singida. Ndani kuna runinga moja na watu wengi kuliko hewa, kwa hiyo mechi ikiisha sote tunatoka kuja kubishana hapo nje, kwenye upepo wa mlima. Nimebishana pale kwa zaidi ya miaka ishirini. Nililetwa Hanang kufundisha nikitokea Sumbawanga, nikajiambia nitakaa miaka miwili niombe uhamisho, na sasa nakaribia kustaafu. Mpira sijawahi kuucheza wa maana. Goti langu lilikufa nikiwa chuo cha ualimu. Lakini mdomo ulibaki mzima.

Fundi pikipiki, ambaye ndiye pia kocha wa timu ya kata yetu, anaamini timu ni mabeki. Mengine kwake ni mapambo. Mimi nimekuwa nikimwambia tangu tujuane kwamba timu ni mtu mmoja, kiungo mchezeshaji, yule ambaye kila mpira unapita kwake na ambaye anajua wenzake watakuwa wapi kabla wenyewe hawajajua. Wewe chukua mabeki kumi wa chuma, nikawa namwambia, na mimi nipe kiungo mmoja mwenye akili, tuone nani atalia. Anacheka, anafuta grisi mikononi, anasema mwalimu umezidi nadharia.

Nesi wa zahanati, mama wa makamo kutoka Kagera, yeye ugonjwa wake ni wachezaji wanaomaliza mikataba na kuondoka bure. Hapo anapanda hadi sauti inakatika. "Timu imemlea, imemtibu goti, imemlisha, halafu siku moja anaaga kama mpangaji! Hata senti hawaachii!" Nilikuwa nikimjibu kwamba mkataba ukiisha umeisha, mchezaji huru ni huru, aende anakotaka. Nililisema hilo kwa wepesi mno. Wakati ule uhuru wa mchezaji ulikuwa jambo la kwenye runinga, la watu wenye mawakala na suti.

Kwenye penalti, hata hivyo, hakuna aliyeniweza. Kitabu cha sheria kumi na saba kiko ndani ya simu yangu, na kila yanapotoka marekebisho nayasoma yote, hadi vifungu vidogo vya mwisho ambavyo hata waamuzi hawavigusi. Kipa anaruhusiwa kuwa na mguu mmoja tu kwenye mstari, au sambamba nao. Mpigaji akiugusa mpira mara mbili, goli halipo. Mambo kama hayo. Watu walikuwa wakitoka ndani ya kibanda moja kwa moja kuja kwangu: mwalimu, ile ilikuwa halali? Nami nilikuwa navuta pumzi kwanza, nawangojesha, kisha natoa hukumu. Nilikuwa napenda sana ile pumzi.

Kijana alitokea uwanjani kwetu akiwa na fimbo mkononi na shuka begani, akitafuta ndama aliyepotea. Ni Mbarabaig wa upande wa Getanuwas, alikuwa na miaka kama ishirini na moja. Siku hiyo tulikuwa watu kumi kwenye mazoezi, na fundi akamwita aingie tu ajaze nafasi. Aliiweka fimbo chini kwa uangalifu, akaingia na katambuga zake za matairi. Mpira wa kwanza alioupata hakuusimamisha. Aliugusa mara moja, ukapita kati ya watu watatu, ukamkuta winga wetu mahali ambapo winga mwenyewe hakuwa amefikiria kukimbilia. Nilisimama kwenye benchi la mstarini bila kujua nimesimama. Nikamgeukia fundi nikamwambia, huyo hapo, huyo ndiye niliyekuwa nakwambia.

Alimpata ndama jioni ile, akarudi wiki iliyofuata. Akawa anakuja kila alipopata wa kumshikia ng'ombe kwa saa mbili tatu. Kadiri nilivyomwangalia ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hakujifunza mpira popote. Alileta tu macho aliyokuwa nayo. Mtu aliyekua akichunga ng'ombe sitini kwenye mbuga hana haja ya kuwahesabu. Anajua tu kuna mmoja amebaki nyuma ya kichaka. Ndivyo alivyouona uwanja.

Na penalti zake. Alikuwa akikimbia hatua nne, anakita mguu wa kushoto kando ya mpira, anainua wa kulia kama anayepiga, halafu anausimamisha pale pale hewani. Hapigi. Anamtazama kipa. Kipa, maskini, tayari amekwisha kujitupa upande mmoja. Ndipo yeye anausukuma mpira polepole upande wa pili, unajiviringisha hadi ndani. Kwenye mashindano ya kata ya mwaka ule alipiga penalti tatu kwa namna hiyo, na zote ziliingia, na hakuna mwamuzi aliyepuliza. Watu walikuwa wanalala chini kwa kucheka. Mimi nilihubiri benchini wiki nzima: mnaona akili ya kiungo? Mnaona?

Nilimuuliza alikojifunzia. Akanichukua hadi bomani kwao Jumapili moja, mwendo wa saa mbili kwa miguu kupitia mashamba ya mbaazi, anionyeshe badala ya kunieleza. Ilikuwa saa ya kuingiza ng'ombe. Dume moja kaidi halikutaka kuingia zizini, likawa linatafuta upenyo kulia na kushoto kwake. Yeye akasimama langoni, akainua fimbo juu, akaiacha pale. Hakupiga. Dume likayumba, likaegemea mguu mmoja, likaamua kushoto, na kabla halijamaliza kuamua yeye alikuwa ameshafika kushoto. Likageuka likaingia.

"Ukipiga mapema, anakimbia," aliniambia. "Wewe inua tu. Yeye atachagua. Akichagua, wewe unajua."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kitoto. Nilikuwa nimeipata nadharia yangu ikiwa hai, na fimbo mkononi.

Basi alikuja mtu kutoka timu moja ya mjini, timu inayopigania kupanda daraja. Alikaa kwenye jua mechi mbili akiandika kwenye daftari. Baada ya nusu fainali akaniambia wanamtaka kijana, na kwa kuwa hana mkataba na mtu yeyote, hana timu ya kuzungumza nayo, ni mchezaji huru, kinachotakiwa ni yeye kuja na kitambulisho na kusaini fomu kabla dirisha la usajili halijafungwa. Chumba atapata, chakula atapata, viatu atapata. Nesi alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Nilimwona anataka kusema neno lake la siku zote kuhusu wanaoondoka bure, akalimeza. Akasema tu, "Aende. Huyu aende."

Lakini hakuwa huru. Nilikwenda na fundi bomani kumwona baba yake. Ni mzee mrefu, mkavu, mpole wa sauti. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, tukapewa maziwa ya mgando, tukaulizwa habari za mvua na za wagonjwa wote wa kijijini kabla ya kuruhusiwa kusema kilichotuleta. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Kisha akazungumza akitazama zizi.

"Mwalimu, mtoto wangu wa kwanza alikwenda Dar kulinda geti ya mtu. Alisema miezi mitatu. Ni mwaka wa sita. Geti ya mtu inalindwa. Hapa mimi nimebaki na huyu."

Fundi akaanza kueleza habari za viatu na chumba. Mzee akainua mkono kidogo tu, fundi akanyamaza.

"Sikatai. Hapa akitoka mtu, aingie mtu. Nimesikia mnashindania dume. Mkinipa hilo dume, nitalibadilisha kwa mtamba, mtamba nitampa mtoto wa ndugu yangu, atachunga mwaka mmoja. Huyu ataenda. Mwaka ukiisha tutaongea tena. Mkikosa dume, msinirudie na maneno mengine."

Ni kweli tulikuwa tunashindania dume. Mfadhili wa mashindano ni mfanyabiashara wa mifugo, na bingwa hupewa dume la ng'ombe, ambalo kwa desturi huchinjwa siku ile ile uwanjani, watu wakala hadi giza. Mchezaji wa kata haogopi kufungwa. Anaogopa kurudi nyumbani bila nyama. Kwa hiyo tulipoitisha kikao cha timu nilikuwa na wasiwasi. Kipa wetu alikuwa ameshaahidi paja kwa mama mkwe wake. Alinung'unika, akatazama chini, akachora chora ardhini kwa kijiti. Kisha akainua mkono wa kwanza kabisa. Wakafuata wengine wote. Dume, tukilipata, lilikuwa la mzee. Kijana aliinuka. Alitoka nje ya darasa, akakaa huko muda mrefu, aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na hakuna aliyemtania.

Mambo yalikuwa hivyo, zikabaki siku nane kabla ya fainali, na yote yangeweza kubaki hivyo kama si mimi.

Mwaka uliotangulia tulitolewa kwa penalti, na kipa wa wenzetu alikuwa akiruka hatua mbili mbele ya mstari kila tunapopiga, na mwamuzi anaangalia tu. Nilikaa na hasira hiyo mwaka mzima. Safari hii nikamwendea aliyesimamia mashindano nikamwomba niwape waamuzi darasa la sheria za penalti kabla ya fainali. Alikubali mara moja, akanishukuru. Jumamosi wakaja waamuzi sita, wengi wao walimu wenzangu kutoka kata za jirani, wakakaa kwenye madawati ya darasa la sita na daftari zao. Nilichora goli ubaoni. Nilichora mguu wa kipa. Nilifundisha vizuri, naweza kusema hivyo bila haya, nilifundisha kuliko nilivyowahi kufundisha hisabati.

Karibu na mwisho mwamuzi kijana, mwalimu mgeni anayejitolea, akanyoosha mkono. Ndiye aliyekuwa amepangiwa fainali. Akauliza: na mpigaji je, akikimbia, akafika kwenye mpira, halafu akasimamisha mguu kumdanganya kipa?

Nilivuta pumzi yangu ile.

Ningeweza kusema nitaangalia. Ningeweza kusema hilo tuliache, muda umekwisha. Lakini nilikuwa nimeulizwa mbele ya watu sita wenye daftari, na nilikuwa na jibu. Nikawaambia: kudanganya wakati wa kukimbia kunaruhusiwa, kudanganya baada ya kumaliza kukimbia ni kosa. Kadi ya njano kwa mpigaji. Hata kama mpira umeingia, goli halipo. Na kama ni kupigiana penalti baada ya mechi, inahesabiwa amekosa, harudii. Wakaandika. Nilisimama nikiwatazama wanaandika, na hapo ndipo nilipouona ule mguu wa kijana hewani.

Nilipotoka nilipitia benchini, nesi alikuwa peke yake anamenya mbegu za maboga. Nikamsimulia darasa lilivyokwenda, nikijisifu kidogo, nikafika kwenye lile swali. Aliacha kumenya.

"Na kijana wetu je?"

Nilipangusa chaki mikononi.

"Mwalimu, mwambie leo."

"Nitamwambia," nikasema.

Simu ya kijana ilikuwa inachajiwa mara moja kwa wiki, kwa hiyo sikumpata siku ile wala iliyofuata. Huo si udhuru, maana alikuja mazoezini Alhamisi. Nilifika nikiwa nimeshapanga maneno. Fundi akampanga apige penalti tano. Alipiga tano, zote kwa namna ile ile, anainua mguu, anausubirisha, anausukuma mpira. Tano ndani. Kipa wetu alikuwa amelala chini anacheka, fundi anapiga makofi, na vijana wengine wanajaribu kumwiga wanaanguka. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake. Alikuja moja kwa moja kwangu, si kwa kocha, akiwa anatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwake.

"Mwalimu, umeona?"

Nilisema, "Nimeona. Usibadilishe kitu."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijiambia wakati ule kwamba ukimbadilisha mtu siku mbili kabla ya fainali unamharibu, na kwamba mwamuzi kijana hatathubutu kupuliza mbele ya umati, na kwamba huenda hatutafika kwenye penalti kabisa. Zote hizo ni sababu, na zote ni za uongo. Ukweli ni kwamba ile penalti nilikuwa nimeifanya yangu. Nilikuwa nimeisifu benchini mashindano mazima, mimi mjuzi wa sheria, na kumwambia kijana kwamba ni kosa kulikuwa ni kukiri kwamba nimeshangilia kosa mara tatu bila kuliona. Nilikuwa nimelisoma lile fungu, nililijua kwa moyo, na bado sikuliona likitendeka mbele yangu kwa sababu lilinipendeza. Nilimwonea haya fundi. Nilitaka niendelee kuulizwa maswali kwenye ubao wa mkaratusi. Kwa ajili ya hilo.

Fainali ilichezwa Jumamosi upande wa Mogitu, kwenye uwanja wa vumbi wenye mteremko. Dume lilifungwa kwenye mgunga nyuma ya goli la chini, jekundu, lenye baka jeupe ubavuni. Mzee alikuja. Hakuwahi kuona mechi maishani mwake, na hakuitazama sana hata siku hiyo. Alikwenda kwa dume, akalishika nundu, akalifungua mdomo akaangalia meno, kisha akasimama pale karibu nalo akiegemea fimbo yake. Nilimwona anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtu wa timu ya mjini alikuwepo pia, ana fomu ndani ya bahasha ya kaki.

Tulitoka sare ya moja kwa moja. Goli letu kijana ndiye aliyelitengeneza, kwa pasi iliyomfanya fundi mwenyewe anigeukie na kunipa mkono. Zikaja penalti. Kipa wao hakutoka kwenye mstari hata mara moja. Mwamuzi alikuwa akimwonya kabla ya kila pigo, akimwonyesha mguu wake, kama nilivyofundisha. Wao walikosa moja. Baada ya wao kumaliza tano na sisi nne, tulikuwa nne kwa nne, na pigo letu la tano lilikuwa la kijana. Akifunga, imekwisha.

Alipokuwa anaweka mpira nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari wa pembeni, karibu kiasi cha kuweza kumwita. Nesi alikuwa ng'ambo ya uwanja. Hakuwa anamtazama kijana, alikuwa ananitazama mimi. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Akaanza kukimbia.

Hatua nne. Mguu wa kushoto ukajikita chini. Wa kulia ukainuka ukasimama. Kipa akajitupa kulia kwake, na mpira ukaenda kushoto taratibu, ukaingia. Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Watu walikimbilia ndani, kipa wetu alikuwa ameshambeba kijana begani, na nyuma ya goli niliona mzee amekwisha kuanza kufungua kamba ya dume. Ilichukua muda hadi watu wakasikia filimbi. Mwamuzi alikuwa anapuliza bila kukoma, uso umemtoka jasho, kadi ya njano juu. Aliponiona kwenye umati alinipa ishara ndogo ya kichwa, ya mwanafunzi aliyepata swali alilolisomea.

Wakamzunguka mwamuzi, kisha mtu akapaza sauti, mwalimu yuko wapi, mwalimu ndiye mwenye sheria, aseme! Wakanifuata mimi. Fundi alinishika shati. Nilitoa simu mfukoni. Nilijua ukurasa, lakini nilipekua kama mtu anayetafuta, nikasogeza juu, nikasogeza chini, nikakunja uso. Kisha nikasoma kwa sauti, polepole, kana kwamba na mimi ndiyo kwanza nakutana nayo.

"Yuko sahihi," nikasema. "Ni kifungu kigeni hiki. Kumbe kipo."

Waliamini. Kwa nini wasiamini? Penalti zikaendelea, wao wakafunga, beki wetu wa kati akagonga mwamba. Mzee alikuwa bado ameshika kamba mkononi. Mtu mmoja wa timu iliyoshinda alikwenda akamwomba kwa heshima, shikamoo mzee, samahani mzee, naye mzee akaiachia. Wakalichinja dume pale pale.

Tulirudi bomani baada ya siku tatu, fundi na mimi, pamoja na kipa. Tulitaka kuchanga. Kila mchezaji alikuwa amesema atatoa chochote, na mimi nilikuwa tayari kununua mtamba peke yangu, nilisema hivyo, nilikaribia kupiga magoti. Mzee alitupa maziwa kama mara ya kwanza. Alisema mchango ni wa msiba, na yeye hajafiwa. Alisema tulipatana jambo, likaenda upande mwingine, na kwamba yeye hana kinyongo na mtu. Niliwahi kudhani watu wakali ndio wasioweza kubembelezwa. Mtu wa timu ya mjini alinipigia mara mbili, bado wanamtaka, nikamwambia asubiri, nikamwambia asubiri tena, halafu dirisha likafungwa na hakupiga tena.

Majani yalikwisha mapema mwaka huo. Niliposikia kwamba familia yao wanahamisha ng'ombe kuelekea Balangida na huenda wakapita hapo kwenda mbali zaidi, nilitamani wapite bila kuniona. Benchini nilikuwa nimeacha kubishana. Watu walisema mwalimu anazeeka. Nesi alikuwa akinisalimia vizuri, akiniuliza hali ya presha yangu, na hakuwahi kuligusa lile jambo hata tulipokuwa wawili tu.

Asubuhi moja kijana alikuja nyumbani kwangu, na kibuyu cha maziwa. Ng'ombe walikuwa barabarani, kengele zao zinasikika, wenzake wanamsubiri.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mnaondoka?"

"Leo. Nimekuja kuaga."

Nilimkaribisha ndani, akakataa, akasema ng'ombe. Nikachukua kibuyu, nikashukuru. Alisimama akikwaruza ardhi kwa ncha ya fimbo. Nilidhani anatafuta namna ya kuondoka.

"Mwalimu, nauliza kitu. Usikasirike."

"Uliza."

"Ile sheria ya kusimamisha mguu. Wewe, kabla ya siku ile, ulikuwa unajua?"

Alinitazama moja kwa moja, macho yale yale yaliyouona uwanja mzima, na nikaona kwamba hajui jibu, kwamba kweli anauliza. Hapo palikuwa na nafasi ya mwisho. Hata dume halikuwepo tena la kupoteza, wala fainali, wala benchi. Tulikuwa wawili tu.

"Hapana," nikasema. "Sikuijua."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea, na uso wake ukafunguka.

"Basi. Mimi tangu siku ile nilikuwa nafikiri vibaya. Nilikuwa nasema moyoni, mwalimu anajua sheria zote, alijua, akaninyamazia. Nililala na hiyo kila siku. Ilikuwa dhambi kukufikiria hivyo." Akahamisha fimbo mkono wa kushoto, akanishika mkono wangu kwa heshima, ameinamisha kichwa. "Naomba unisamehe, mwalimu."

Nikamwambia nimemsamehe.